Kiti Alichokiacha Dada

“Nini kitakurudisha?”

Swali lilitoka kwa bwana mdogo aliyekaa nyuma ya kioo, kwa lugha yake, likanifikia kwa mdomo wa mkalimani wake, mama wa makamo aliyening’iniza miwani kifuani kwa kamba. Sauti zao zilipita kwenye kispika chenye vitundu kama kifuniko cha kopo la chumvi. Mimi nilikuwa nimesimama. Upande wetu wa kioo hapakuwa na kiti hata cha kusingizia, na hilo nililiona kabla ya bendera na kabla ya mlinzi, kwa sababu viti ndiyo kazi yangu. Ninavivua nguo zilizochakaa, ninavijaza upya, ninavivisha. Tangu niache shule sijawahi kufanya kazi nyingine.

Miguu ilikuwa imekufa ganzi. Tulipangwa nje, kwenye ukuta wa ubalozi, kabla jua halijachomoza. Tukaingizwa kwa mafungu, tukavuliwa mikanda, tukarudishiwa mikanda, tukapigwa picha, tukabonyezwa vidole kwenye kimashine, tukaambiwa tungoje. Watu walinong’ona tu, kama nyumba yenye mgonjwa chumba cha pili. Aliyenitangulia dirishani alitoka akijifuta uso kwa tai yake. Zamu yangu ilipofika nilikuwa na uchovu ule unaomfanya mtu aseme kweli bila kuipima.

Na swali lenyewe, nisiseme uongo, lilinifurahisha. Nilidhani ndilo jepesi kuliko yote.

Dada alikuwa amenipigia simu mwanzoni mwa mvua. Ni mkubwa wangu, ndiye aliyenibeba mgongoni wakati Mama akihangaika na riziki. Alikuwa amekaa ng’ambo miaka mingi, kwanza akifua mashuka ya hoteli, baadaye akiwasimamia wanaoyafua. Hakuolewa. Mimi nilioa, mke wangu akatangulia mbele ya haki, na mtoto hatukujaliwa. Katika ukoo wetu tulikuwa tumebaki sisi wawili, yeye kule, mimi huku, na simu katikati.

“Wanataka kunipasua moyo,” alisema, kwa sauti ya mtu anayeeleza kwamba bomba limevuja. “Usianze kupiga kelele. Madaktari wapo, dawa zipo, chakula kipo. Kila kitu kipo.”

“Sasa unataka nini, Dada?”

“Nataka mtu wa kwetu akae kwenye kiti karibu na kitanda. Asifanye chochote. Akae tu, nikifumbua macho nimwone.”

Nikamsikia akihema. Dada hakuwahi kuniomba kitu maishani. Yeye ndiye aliyekuwa akituma: viatu, dawa za Mama, sanda ya Mama. Nikamwambia nakuja. Wiki mbili tu ndizo nilizoziomba, za kukaa kwenye kiti.

Sasa lazima niseme habari za Mama, Mungu amrehemu. Alikuwa na sheria moja kuhusu safari, na aliilinda kuliko kufuli ya sanduku lake. Mtu asiondoke akaacha kitu kinaning’inia. Hata akienda kulala kwa ndugu usiku mmoja, aliosha kila sufuria, akarudisha ndoo ya jirani, akapita nyumba hadi nyumba kuomba radhi, na wengine aliowaomba radhi ndio waliomkosea yeye. “Safari ni safari,” alikuwa akisema huku akikunja khanga zake. “Sitaki mtu aje anisafishie nyuma yangu.” Tulimcheka, lakini tuliifuata. Mpaka leo siwezi kutoka nyumbani nikaacha kikombe kichafu.

Dada ndiye pekee aliyewahi kuivunja sheria ile, na aliivunja siku kubwa kuliko zote, siku aliyoondoka. Asubuhi hiyo alikuwa karakanani kwangu akinisaidia kukivisha kiti chake mwenyewe, kiti cha mikono alichopewa na bibi mmoja aliyekuwa akimfanyia kazi. Kilikuja kimekonda, mbao zinalia. Tulikwisha kuweka mikanda, springi na gunia, na kitambaa cha kijani tulikuwa tumekivuta na kukigongelea pande zote isipokuwa ubavu wa kushoto. Nikatoa misumari mdomoni, maana mafundi wa kazi yetu tunaihifadhi humo, nikainua nyundo. Dada akanishika mkono.

“Hapo basi. Acha.”

“Tumebakiza ubavu tu, Dada.”

“Nimeshaona. Acha hivyo hivyo. Nitamalizia nikirudi.”

Mama aliposikia alifoka mpaka majirani wakatoka nje. Alisema ni nuksi, ni uvivu, ni utoto wa mtu mzima. Dada alimkumbatia huku anacheka, akaingia kwenye gari, akapunga mkono. Kile kiti kikabaki pembeni mwa karakana miaka yote, ubavu wazi, sponji ikichungulia. Wateja walinitania sana. “Fundi, unavivisha vya watu, cha kwako kiko uchi!” Niliwajibu kwamba si changu, kina mwenyewe. Mwishowe nilikizoea, nikaacha kukiona.

Basi nilipopangiwa siku ya mahojiano, nilijiandaa kama nilivyolelewa. Sikungoja kwanza viza itoke. Nilifunga kazi zote za watu, makochi, stuli, viti vya saluni, nikavipeleka mwenyewe hadi milangoni mwa wenyewe. Wateja wapya niliwaelekeza kwa fundi mwenzangu wa mtaa wa pili, na zana zangu nikamwazima. Nilishusha kibao mlangoni ili mtu asijisumbue kuja bure. Kisha nikaenda kwa mama mwenye nyumba kumkabidhi ufunguo wa karakana, maana niliona haya kukalia chumba cha mtu wakati mimi sipo.

Aliupokea ufunguo, akaugeuzageuza kiganjani. “Fundi, si umesema unarudi?”

“Narudi, mama. Nikirudi tutazungumza upya.”

“Mh. Mtu anayerudi huacha hata kandambili.”

Nilicheka. Niliona anatania tu, naye ni mtu wa utani.

Kitu cha mwisho kilikuwa kile kiti. Nilikuwa nimekihamishia chumbani kwangu, na kila nilipokitazama kilinikera, kama mtu aliyevaa suti akasahau kufunga vifungo. Kipande cha kitambaa cha ubavu bado kilikuwa kimekunjwa chini ya mto wake, kijani kile kile, kimefifia kidogo. Nilikipiga pasi, nikakivuta ubavuni, nikagongelea msumari baada ya msumari, nikamaliza na utepe. Kikatulia. Nikakipiga picha kwa simu ili nimwonyeshe Dada nitakapokuwa nimeketi karibu na kitanda chake. Niliona nimempelekea zawadi. Usingizi wa siku ile ulikuwa mtamu ajabu.

Ndiyo maana swali la bwana mdogo halikunibabaisha. Nilisimama wima, nikamwambia mkalimani kwa majigambo ya mtu aliyefanya vizuri:

“Mwambie asiwe na wasiwasi. Sijaacha kitu nyuma. Kazi za watu zote nimemaliza, zana nimetoa, karakana nimeikabidhi, kibao nimeshusha. Hakuna mtu nitakayemwacha analalamika.”

Mkalimani hakutafsiri. Alivaa miwani yake, akanitazama kwanza usoni, halafu mikononi.

“Baba,” alisema taratibu, “ndivyo unavyotaka nimwambie?”

“Ndivyo hivyo hivyo.”

“Hujabakiza hata kazi moja? Hata mteja mmoja anayekusubiri?”

Leo nikiukumbuka uso wake naona jinsi alivyonifungulia mlango, akausukuma mpaka ukutani, akangoja nipite. Mimi nikaufunga kwa mikono yangu miwili.

“Hata mmoja, mama. Mimi si fundi wa kukimbia na vitu vya watu.”

Akashusha pumzi, akatafsiri. Bwana mdogo aliacha kuchapa, akaniangalia kwa mara ya kwanza. Sitamsingizia ubaya. Macho yake yalikuwa mekundu na shati limemlowa kwapani, naye alikuwa amechoka, pengine kunishinda. Akauliza kuhusu mke. Amefariki. Watoto? Hatukujaliwa. Nyumba? Ya kupanga. Shamba? Sina. Kila jibu nililolitoa nililisikia likidondoka, na katikati ya majibu hayo nikaanza kuelewa. Mbele yake alisimama mtu asiye na mbele wala nyuma, aliyefagia hata nyayo zake mlangoni, anayesema anakwenda kukaa kwenye kiti.

Nilitaka kurudi nyuma nianze upya. Nilitaka kumweleza habari za Mama, na za ndoo ya jirani. Lakini mambo kama hayo utayaingizaje kwenye vitundu vya kispika? Pasipoti yangu ilisukumwa chini ya kioo pamoja na karatasi. Mkalimani aliinama karibu na kispika, akatoa maneno ambayo hakuna aliyemwagiza ayaseme.

“Pole, baba. Ungeacha hata kimoja.”

Nilirudi nyumbani kwa miguu, ingawa ni mbali. Nilimkasirikia bwana mdogo, nikamkasirikia mkalimani kwa huruma yake, na nilipofika karibu na nyumbani nikajikuta namkasirikia Mama kaburini, jambo ambalo sijawahi kulifanya tena. Mchana bado ulikuwa mweupe. Niliketi kitandani, si kwenye kiti, nikampigia Dada.

“Wamekataa.”

“Wamesemaje?”

Nikamweleza yote, swali na jibu langu. Alianza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, akisema, “Ee Mama, ee Mama, umetuweza.” Nami nikacheka kidogo kwa sababu yeye anacheka. Halafu ghafla akaacha.

“Yaani kila kitu ulimaliza?”

“Kila kitu.”

“Na kiti changu?”

Nilikuwa nimepanga kumwambia kwa namna nyingine, nikiwa na picha mkononi. “Nimekimaliza, Dada. Kimependeza mno.”

Nilidhani simu imekatika, nikaitoa sikioni kuitazama, na nilipoirudisha nikamsikia analia. Mama alipofariki Dada hakulia, angalau si masikioni mwangu. Alipanga kila kitu kwa simu, nani apike, nani achimbe. Sasa alikuwa analia kama mtoto aliyefungiwa nje.

“Kile ndicho nilichokiacha,” alisema. “Huko kwetu sina kingine. Kila mwaka unaonishinda kuja najiambia, kiti bado kiko wazi. Kifumue, mdogo wangu. Nakuomba. Kabla hawajaniingiza chumba cha upasuaji, kifumue.”

Sikuwa na hata koleo. Nilikimbia kwa fundi mwenzangu mtaa wa pili, akaniona natweta mlangoni. “Umesharudi?” akasema. “Safari fupi hiyo!” Nikamwomba koleo na bisibisi bapa, nikarudi mbio.

Kugongelea ni kazi ya nguvu. Kufumua ni kazi ya subira, hasa usipotaka kitambaa kichanike. Nilibandua utepe, nikang’oa misumari mmoja mmoja, nikawa naiweka mdomoni kama kawaida yangu, ikiwa na ladha ya kutu na gundi. Ubavu ulipofunguka sponji ilijitutumua nje kidogo. Sikuwahi kufurahi hivyo kuiona kazi imeharibika. Nikampigia tena, nikamwambia kiko wazi. Akasema, “Haya,” sauti ikiwa imetulia, ya kiongozi wa wafuaji mashuka.

Siku ya upasuaji wake sikuwa na kazi, sikuwa na karakana, sikuwa na kibao. Nilikaa kwenye kile kiti asubuhi, simu kwenye goti, nikabaki hapo. Sikula. Sikufungua redio. Majirani walipiga hodi, nikawajibu nikiwa nimekaa. Niliogopa kuinuka, kwa woga ambao mtu mzima haukiri mbele za watu. Alitaka mtu wa kwetu akae, asifanye chochote, nami nilikuwa nakaa. Chumba tu ndicho kisichokuwa chenyewe.

Simu iliita kivuli kikiwa kimeshahama upande wa pili wa chumba. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi.

“Kiko wazi?”

“Kiko wazi. Nimekikalia.”

“Kaa,” alisema, akalala.

Alikuja mwaka uliofuata, mvua zikiwa zimekatika, kwa fimbo na hatua ndogondogo. Nilikuwa nimesharudi karakanani. Mama mwenye nyumba alikuwa hajampa mtu ule ufunguo, na alinikabidhi bila neno, kwa jicho tu. Nilikwisha kukifuta kiti vumbi. Juu ya meza nilikuwa nimempangia nyundo, misumari na utepe, na kitambaa nimekipiga pasi, nikijua miaka yote hiyo ameingoja siku hii.

Dada akaketi. Akaegemea, akafumba macho, akaingiza kiganja ubavuni mpaka kikapotea ndani ya sponji, akakiacha humo muda mrefu. Alipofumbua macho aliniona mimi, halafu akaiona ile meza.

“Ondoa hizo,” alisema. “Jumamosi naondoka.”

Nikaziondoa, nikaenda kumwekea chai.