Ukutani na Mlangoni

Kuna magari ya kubeba watu, kuna magari ya kubeba mizigo, na kuna Chura wetu, ambaye kazi yake kubwa ni kubeba majivuno ya kaka yangu. Ni gari dogo la spoti, viti viwili tu, limekaa chini kiasi kwamba ukifungua mlango unaweza kuokota sarafu barabarani bila kushuka. Kaka na dada walichanga wakalinunua, kisha wakaigawana wiki kama mkate. Siku za kazi ni la dada, anashuka nalo mlimani kwenda kwenye duka la dawa anakouza. Mwisho wa wiki ni la kaka, anakwenda nalo kwenye uwanja wa lami uliopangwa koni za plastiki, na huko wanaume wazima wenye akili zao wanazizunguka kwa kasi, mmoja mmoja, wakishindana na saa. Mimi, kitinda mimba, sina siku yangu. Yangu ni Jumapili alasiri, kulala sakafuni kando ya gurudumu nikiwa nimeshika uzi.

Maana Chura ana tabia mbili, na kuzibadilisha ni kazi ya mikono.

Kwa ajili ya koni, kaka huyapanua magurudumu ya nyuma kidogo, vidole (ncha za mbele) nje, kama bata anavyotembea. Gari likiwa hivyo halitulii. Ukigeuza usukani, mkia unarukia upande kabla hujamaliza kufikiri, na uwanjani hicho ndicho wanachokitafuta. Kwa barabara ya kawaida magurudumu yanatakiwa vidole ndani, kama mtoto mwenye haya. Hapo gari linatulia na mkia unafuata kichwa.

"Na mtu akilipeleka barabarani likiwa bata?" nilimuuliza kaka siku za mwanzo.

"Lami ikiwa kavu na akienda taratibu, anaweza asijue." Aliniambia bila kucheka, na kaka yangu hucheka hata msibani. "Ila mpe mvua na mteremko. Aachie mafuta katikati ya kona, au aguse breki tu. Nyuma inakuja mbele kumsalimia."

Kwa hiyo kila Jumapili tunamrudisha Chura kuwa mtoto mwenye haya, kwa sababu Jumatatu dada anashuka nalo ule mteremko wa kona, bonde upande mmoja, ukuta wa udongo upande wa pili.

Mashine ya kupimia hatuna. Tunavuta uzi pande zote mbili za gari, umenyooka kama mstari wa daftari, halafu tunapima kwa rula toka kwenye uzi hadi ukingo wa ringi, ukingo wa mbele na ukingo wa nyuma. Sasa, ukiwa umelala chini na mafuta machafu yanakudondokea sikioni, kusema "ukingo wa mbele wa gurudumu la nyuma" ni safari. Banda letu ni jembamba na gari huingia siku zote kwa pua, likitazama ukuta. Basi tukafupisha. Sisi hatuna mbele wala nyuma, tuna ukutani na mlangoni. Kwa barabara, vidole vikiwa ndani, mbali na uzi, pengo la ukutani liwe kubwa kuliko la mlangoni. Kwa koni, kinyume chake. Fundi yeyote wa nje angetusikiliza angedhani tunajenga nyumba.

Jumapili hiyo kaka alishinda. Sijui ilikuwaje, labda wenzake walikuwa wagonjwa, lakini alishinda, wakambandikia Chura utepe mwekundu puani. Jirani zetu wote walikuwa nje. Kaka akasimama barabarani, akapiga honi, kisha akamwingiza Chura bandani kinyumenyume, kwa mkupuo mmoja, mkono mmoja dirishani, ili pua yenye utepe ibaki ikitazama mtaa.

"Bibi harusi huyo!" mama alipiga kelele kutoka barazani. "Mbona hamjamvisha shela?"

"Mama, huyu ndiye bingwa," kaka akajibu, "na mwenye gari ni bingwa mwenzake."

"Nusu ya bingwa," dada akamkata. Alikuwa ameegemea mlango akila karanga. "Nusu nyingine ni mimi. Na utepe wangu nautaka kesho niwe nauonesha wateja."

Tukaingia kazini huku kaka akisimulia ushindi kwa mara ya nne. Nikavuta uzi. Nikaweka rula.

"Ukutani?" kaka akauliza.

Nikasoma.

"Mlangoni?"

Nikasoma. Kisha nikasoma tena. "Kaka, ukutani kumeshazidi. Limejirudi lenyewe."

"Acha utani."

"Njoo uone basi, bingwa. Leo hata gari limekuhurumia."

Akaja, akapiga magoti, akaangalia. Kweli pengo la ukutani lilikuwa kubwa kuliko la mlangoni, kama tunavyolitaka. Alikunja uso kidogo. Ilikuwa nafasi yetu hiyo, na ilipita mbele yetu taratibu kabisa.

"Bushi za mpira zilizoshika magurudumu zimechoka," akasema. "Nilivyokuwa nalizungusha leo, lazima zimecheza. Tuongeze kidogo tu, dada apate usalama zaidi."

Akashika spana. Tukaongeza, upande wa kulia na upande wa kushoto, mpaka ukutani kukawa kupana kweli kweli. Akakaza nati zote kwa nguvu za mshindi. Dada akauliza kama Chura wake ameshakuwa tayari. Kaka akamwambia, "Huyo sasa ni mtoto wa shule ya msingi, anakwenda kwa adabu."

Usiku mvua ilianza, na asubuhi ilikuwa bado inanyesha, ile mvua isiyo na haraka. Nilisikia Chura anaunguruma, nikasikia dada anamuaga mama, nikageuka upande wa pili kitandani kama raia mwema.

Baada ya chai nikaenda bandani kukusanya uzi. Chura huvuja mafuta ya injini, tone moja moja, na chini ya pua yake, pale ukutani, tumeweka karai kuukuu. Nikaliinua nilimwage. Lilikuwa kavu.

Nikafurahi, wallahi. Nikafikiri gari limepona. Nikageuka nimpe kaka habari njema, na mguu wangu ukateleza. Tone jeusi, bichi, lilikuwa sakafuni karibu na mlango.

Nikalitazama lile tone. Nikaitazama ile sehemu ya mlangoni. Pua ilikuwa huku. Basi ukutani kulikuwa nyuma. Basi pengo tulilolipanua...

"Kaka!"

Alitoka na mswaki mdomoni. Sikuwa na haja ya kueleza sana. Nilionesha tone, nikasema, "Liliingia kinyumenyume." Mswaki ukabaki pale mdomoni, povu likamtiririka kidevuni, wala hakulifuta.

"Limetujia likiwa bata," akasema polepole, "tukaona ni mtoto. Tukaongeza."

Nilishika simu, nikampigia dada. Iliita mara moja, kaka akanipokonya.

"Kata! Akiitafuta kwenye mkoba ataachia mafuta!"

Mama akatokea barazani na kikombe. "Kuna nini, wanangu?"

"Hakuna, mama," tukasema kwa pamoja, na mama hajawahi kutuamini tukisema jambo kwa pamoja.

Tukatoka na pikipiki. Kaka aliendesha, mimi nyuma, mvua inatuchapa usoni kama mchanga. Kofia ilikuwa moja, nikaambiwa niivae mimi, na hilo likanitisha kuliko mvua. Kaka hajawahi kunipa kitu kizuri bila kuombwa.

Kona za kwanza hatukuona kitu. Kila kona nilitazama upande wa bonde kwanza, kisha barabara. Majani hayakuwa yamelazwa. Ukingo wa mawe ulikuwa mzima. Nikaanza kuipenda mvua kwa sababu ilikuwa inawachelewesha watu. Halafu tulipozunguka kona moja ndefu tukamwona. Lori la matofali lilikuwa mbele yake likishuka kwa gia nzito, linajikokota na kukoroma, na nyuma ya lori alikuwepo Chura, mdogo, mwekundu, anakwenda kwa adabu kama dada alivyoahidiwa.

"Lori limemwokoa," nikapiga kelele sikioni mwa kaka. "Piga honi!"

Kidole chake kilikwenda kwenye honi, kikasimama juu yake.

"Nikipiga honi atafanya nini?"

Mtu akipigiwa honi kwenye mteremko, mvua inanyesha, hufanya jambo moja tu. Huinua mguu kwenye mafuta na kuuweka kwenye breki.

Kwa hiyo tukamfuata kimya. Sijawahi kumfuata mtu hivyo, kama majambazi. Kaka alikuwa akisema na nafsi yake, "Shikilia hivyo hivyo, mama, shikilia, usiachie, kona hiyo ikiisha kuna sehemu nyoofu, kwenye nyoofu nitakupita." Katika kila kona niliyatazama yale magurudumu ya nyuma. Ukijua unachokitafuta, unakiona. Mkia ulikuwa unatikisika kidogo, kushoto, kulia, kama paka anayejiandaa kuruka. Dada alikuwa anausahihisha kwa usukani bila kujua anasahihisha nini.

Kabla ya nyoofu ilibaki kona moja. Lori likaingia, likapotea. Chura akaingia. Na hapo dada akatazama kioo, akatuona.

Nikainua mikono yote miwili. Nilitaka kumwambia, tulia, endelea, usiguse kitu. Sasa niambie wewe, ungesema hivyo vipi kwa mikono, umekaa nyuma ya pikipiki, umevaa kofia iliyokuzidi kichwa? Nilipunga. Nikashusha viganja taratibu. Nikatikisa kichwa. Na mimi ndiye yule ambaye tangu utotoni nikikaa nyuma ya chombo chochote namchezea ngoma aliye mbele. Niliona macho yake kwenye kioo yakicheka.

Dereva akitaka kumjibu mwenzake aliye nyuma, humwashia taa za breki mara mbili.

Ziliwaka mara moja.

Mkia wa Chura ukaondoka. Haukuteleza, uliondoka, kama umeitwa. Gari likageuka likatutazama, nikauona uso wa dada kupitia kioo cha mbele, mdomo wazi, utepe mwekundu chini yake. Likaendelea kugeuka. Ukingo wa mawe ulipita karibu na taa zake, bonde likapita, kisha ubavu wa nyuma ukajigonga kwenye ukuta wa udongo kwa kishindo kizito, kinyevu. Likasimama limekatiza barabara. Waipa za kioo zikaendelea kufanya kazi.

Kaka aliiachia pikipiki ianguke nami nikiwa juu yake.

Dada alitoka mwenyewe. Alikuwa mzima, amejikata mdomo tu. Kaka alimshika mabega, akamgeuzageuza kama anayekagua nguo sokoni.

"Ni mimi," dada akasema huku anahema. "Niligusa breki vibaya. Huyu mjinga alikuwa ananichekesha, nikasahau kuna mvua. Msimwambie mama." Akatazama saa yake. "Nisaidieni kuligeuza. Linawaka bado. Nimechelewa kufungua."

Tukabaki tumesimama. Mteremko uliobaki ulionekana chini yetu, kona baada ya kona, ukipotelea kwenye ukungu. Kaka angeweza kunyamaza. Nilimwona akiufikiria huo ukimya. Dada alikuwa ameshafungua mlango, mguu mmoja ndani.

"Toka," kaka akasema. "Si wewe. Tulilipima kinyume. Jana nililiingiza kwa nyuma, na sisi tukaita ukutani kama kawaida."

Dada hakuelewa mara moja. Anaijua ile lugha yetu, ameisikia kila Jumapili pale mlangoni akila karanga, kwa hiyo ilimchukua muda mfupi tu. Aliutoa mguu garini. Akayaangalia magurudumu ya nyuma.

"Nani alisoma rula?"

"Mimi," nikasema.

"Nani alikaza?"

"Mimi," kaka akasema.

"Na mlipomaliza, nani aliliendesha kulijaribu?"

Juu yetu, kwenye kona tulizotoka, gari lingine kubwa lilikuwa linashuka. Tulisikia likikoroma kwenye mvua.

"Wewe," kaka akasema. "Asubuhi hii."