Aliyeshika Kadi ya Nakwenda

Darasa la Kijerumani lilikuwa juu ya duka la rangi, Jumatatu na Jumatano, saa nne mpaka saa sita. Mwalimu, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikata katoni ya sabuni vipande vitatu na kila kipande akakiandikia neno. Kinyozi alipewa kadi ya kesho. Muuza viatu alipewa ya mimi. Ya nakwenda alipewa mke wa fundi friji, ambaye nyumbani aliitwa Mkamwana, na darasani pia, maana mama mkwe wake ndiye aliyempeleka siku ya kwanza.

Wakasimama mstari: mimi nakwenda kesho, ich gehe morgen. Kisha kinyozi akapita mbele na muuza viatu akarudi nyuma: kesho nakwenda mimi, morgen gehe ich.

"Maana ni ile ile," alisema Mwalimu. "Mjerumani anatanguliza anachotaka kitazamwe kwanza, wengine wanazunguka. Ila nakwenda hatoki nafasi ya pili. Akitoka, wote mnaanguka."

Walizunguka mpaka kinyozi akatoka jasho. Mkamwana hakusogeza hata unyayo.

"Wewe unaijua kazi hii," Mwalimu akamwambia.

Kabla ya kuolewa alikuwa muuguzi msaidizi. Nyumba moja ya kulelea wazee huko Ujerumani ilimwandikia kwamba akifaulu mtihani wa mwezi ule, kazi ni yake. Mumewe alikubali. Mama mkwe naye alikubali, akasema tu, "Nenda, mwanangu, ukishapata wa kukushikia jiko."

Nyumba yao ilikuwa na vyumba vitano vilivyofuatana kama mabehewa, kila kimoja kikifungukia kingine. Mlango wa kutokea ulikuwa mmoja, mbele, na madirisha yote yalikuwa na nondo. Jiko lilikuwa chumba cha pili.

Wiki mbili kabla ya mtihani, siku ya Ijumaa, sebule ilihamia nyuma. Mama mkwe aliamka akakuta chumba chake ndicho cha mbele, jua limeingia mpaka kitandani, akasema afadhali, magoti yalikuwa yanamuuma kwa baridi. Jumapili kikatangulia chumba cha wifi, dada wa fundi, aliyekuwa mshonaji na alitaka wateja wasivuke vyombo. Vyumba vilipokezana hivyo kila mtu alivyohitaji. Jiko peke yake lilibaki la pili.

"Nyumba inakushinda Kijerumani, wifi," mshonaji alitania. "Yenyewe haijaenda darasani hata siku moja."

Jumatatu Mkamwana alichukua mkoba wake, akatoka jikoni akaingia chumba cha mbele, ambacho siku hiyo kilikuwa cha wifi. Alipokanyaga ndani, kikawa cha pili, na mbele yake ikasimama sebule. Akaingia sebuleni. Sebule nayo ikawa ya pili, mbele kikiwa chumba cha mama mkwe. Alipogeuka, jiko la gesi lilikuwa kando ya kochi na sufuria ya mchana juu yake. Kwa kuwa ilikuwa pale, akaonja chumvi.

Wifi alijaribu kumtoa kwa kumshika mkono. Wifi alifika barazani. Mkamwana akabaki chumba cha pili na bangili ya wifi kiganjani.

Jioni fundi alileta utepe akapima kuta zote.

"Nyumba haina tatizo," alisema akinawa. "Mbona sisi tunatoka?"

"Tena chakula siku hizi hakicheleweshwi," alisema mama yake.

Basi Mkamwana akasomea humo humo. Wifi alimshikia kadi akishona, ya mimi mkono mmoja, ya kesho kwenye meno pamoja na pini. Hivyo wifi naye akakijua Kijerumani kidogo, kwa kusikia tu.

Jumatano, siku moja kabla ya mtihani, Mkamwana alizima moto akamgeukia.

"Wifi, nishikie jiko kesho asubuhi. Kwa muda wa saa tatu tu. Labda nikiwa sina cha kushika, mlango utanipitisha."

Wifi aliutazama mwiko alionyooshewa. Aliutazama sana.

"Nina magauni matatu ya harusi, wifi yangu. Ningekuwa na mkono wa tatu, wallahi ungekuwa wako."

"Harusi lini?"

"Mwezi ujao."

Mkamwana akawasha moto.

Alhamisi saa mbili, mtihani ulipoanza, hakufika. Saa tano Mwalimu alikuja na karatasi, akasimama nje ya dirisha la chumba cha pili, akasema sheria za mtihani hazisemi mtahiniwa awe upande gani wa nondo. Mkamwana aliandika juu ya kifuniko cha sufuria, kisha akajibu maswali ya mdomo huku akichambua mboga. Alifaulu kuliko wote.

Wazee wa Ujerumani walimsubiri miezi miwili. Kisha nafasi yake akapewa kinyozi, yule wa kadi ya kesho. Alipita dirishani kuaga, viatu vipya, akasema baridi haimtishi.

Cheti kilitiwa fremu. Mama mkwe alikitundika ukutani kwake, na tangu siku hiyo chumba chake kilikuwa mbele mara nyingi, ili wageni wakione wakiingia.

"Mkamwana wangu huyo, anakimwaga Kijerumani," aliwaambia Jumamosi moja. "Mwanangu, hebu waambie neno."

Mkamwana alisimama mlangoni kati ya vyumba viwili, sinia mkononi.

"Ich gehe morgen," alisema. Halafu, "Morgen gehe ich."

Wageni walipiga makofi. Bibi mmoja akauliza maana yake.

Wifi, aliyekuwa akishona pale kando, pini mdomoni, aliinua macho kutoka kwenye cherehani. Mkamwana alimtazama, akangoja kidogo. Wifi akainamisha kichwa akaendelea kukunja pindo.

"Nimesema chai iko tayari," alijibu Mkamwana. "Mara mbili, maana mko wengi."

Akampokeza sinia mgeni wa karibu, kwa sababu chumba kile kilikuwa cha mbele, na vikombe vikasambaa humo bila yeye.