Viatu vya Shujaa Mlangoni

Mimi huchora mawe. Huu ni mwaka wa ishirini na mbili nachora ngome za Ulaya katika kampuni yetu ndogo ya katuni za Kijapani hapa Ogikubo, na Ulaya yenyewe sijaikanyaga. Joka nimelichorea pango, wafalme nimewachorea kumbi. Hakuna mfalme aliyewahi kulalamika.

Jumatatu Hatsue alituletea kasheshe. Baada ya miaka minne ya kujazia michoro ya wenzake, binti huyu alikuwa amepewa tukio lake la kwanza: shujaa mwenye deraya anarudi kwa mama yake baada ya vita vya miaka saba. Sekunde kumi na nane tu. Mwalimu Kuwabara, muongozaji wetu, alizitazama, akacheka, kisha akaacha kucheka. Shujaa alikuwa amesimama mlangoni mwa ngome, anavua viatu.

Mwalimu ni mtu wa adabu za kale. Mgeni akija ofisini, Mwalimu mwenyewe huinama kugeuza viatu vya huyo mgeni vitazame nje, ili asihangaike kuvivaa akiondoka. Lakini kwenye kazi hana simile. Alisema Wazungu huingia ndani na viatu, tena vyenye tope, na hilo kila mtoto analijua. Hatsue akawa mwekundu hadi masikioni. Alikiri kwamba hakukusudia, mkono ulijiendea wenyewe. Akapewa hadi saa kumi jioni arekebishe, la sivyo tukio lingekwenda kwa Morikage, ambaye huchora haraka na hajawahi kusumbuliwa na mkono wake.

Mchana nilimkuta jikoni na bakuli la tambi zilizopoa, hajazigusa. Roho iliniuma. Nikamwambia ngome ni yangu, mawe ni yangu, na nikitaka nitaweka kizingiti cha kuvulia viatu, kidaraja cha kupandia ndani, nione nani atanishtaki. Alitabasamu kidogo, akarudi mezani kwake.

Saa kumi alisimama mbele ya Mwalimu na michoro ileile, hajafuta hata mstari mmoja. Nikajua amekwisha.

"Mwalimu, nimejaribu," alisema. "Akiingia na viatu, naona anapita tu. Haonekani amerudi."

"Kwani Wazungu hawajawahi kurudi makwao?"

"Hao siwajui, Mwalimu. Anayemrudisha huyu ni mimi."

Morikage aliinamia penseli zake. Mwalimu alizipitia karatasi moja moja tangu mwanzo, polepole, akarudia tena.

"Mama yuko wapi?" aliuliza.

"Nyuma, kwenye kivuli."

"Mlete mbele. Ainame avigeuze viatu, kama tunavyofanya kwa mgeni." Alinyoosha mkono wake mwenyewe kuelekea sakafuni, ukasita hewani. "Akishavishika, akumbuke ni nani aliyerudi. Aviache vitazame ndani."

Hatsue aliinama hadi nywele zikamfunika uso, na hakuinuka upesi. Mimi nilijifanya naosha brashi iliyokuwa safi.

"Na wewe, Nishina," Mwalimu aliniambia, "weka hicho kizingiti unachokinong'ona jikoni."

Nililalamika, maana kulalamika ni desturi yangu. Halafu nikakichora siku mbili nzima, jiwe kwa jiwe, nikakifanya kifupi kidogo ili yule mama asiumie mgongo akiviinamia viatu kutoka juu.