Ngadimin Hajafa

Mwaka wa thelathini na sita huu nauza pecel, mboga za kuchemsha kwa mchuzi wa karanga, nyuma ya uwanja wa klabu ya mpira ya Elang Brantas. Ukuta wa kibanda changu ndio ukuta wa jukwaa, kwa hiyo makelele ya kila bao huniingia moja kwa moja kwenye sufuria. Asinidanganye mtu kwa makaratasi.

Ngadimin ni mtoto wa wakata miwa. Klabu ilimsajili ana miaka kumi na tisa, miguu mikavu kama vijiti vya mishikaki, akafunga mabao arobaini na saba kwa misimu minne. Kisha akaoa. Kwetu Java mwanamume akioa hupewa jina la utu uzima, la ujana likawekwa kando. Akaitwa Sastrowiyono. Jumapili iliyofuata mtangazaji alipolitamka, uwanja mzima ulicheka, naye akatupia mawili. Kwa jina hilo jipya akafikisha hamsini na mawili kabla goti halijamkataa. Jumlisheni wenyewe: tisini na tisa.

Sasa klabu imetimiza miaka sabini, imeandika ukutani wafungaji wake bora. Wa kwanza Hendrik, mabao themanini na nane. Wa nne, Sastrowiyono. Wa sita, Ngadimin, na pembeni wamemwekea "marehemu", eti walimtafuta mtu wa jina hilo wakamkosa!

Nilikwenda ofisini na wateja wangu saba.

"Hawa wawili ni mtu mmoja," nikamwambia katibu, kijana wa juzi tu.

"Bu Sarmi, picha ya Ngadimin na ya Sastrowiyono wa leo hazifanani. Ngadimin ana nywele."

"Na wewe fika sitini, tuone utabaki na nini kichwani!"

"Basi niletee hati yenye majina yote mawili."

Hati! Jina lilitolewa kwa uji mwekundu wa sukari guru, majirani wakala wakashiba. Nani alikumbuka muhuri?

Nikamfuata Ngadimin mwenyewe, nikamkuta anapalilia pilipili.

"Yaache, Bu. Nitawaaibisha watu kwenye sherehe yao."

"Wamekuzika, Pak!"

"Wamenizika nusu," akajibu, anacheka. Nilitamani nimpige na jembe lake.

Siku ya sherehe jukwaa lilifurika. Mtangazaji akatuomba tusimame dakika moja kumkumbuka marehemu Ngadimin. Tukasimama. Na Ngadimin naye akasimama, kichwa kainamisha! Adabu gani hiyo ya kujiombolezea? Mkewe, Bu Lastri, akamvuta shati.

"Kaa chini. Mimi si mjane."

Akakaa. Mtu wa nyuma akafoka, "Mzee, huna heshima? Anakumbukwa mtu hapa!"

Ngadimin akageuka polepole. "Anayekumbukwa ni mimi." Kisha akapaza sauti ambayo hakuwahi kuitoa hata alipokuwa akidai penalti: "Ngadimin ni mimi! Yale mabao yote ni yangu!"

Wazee wa upande wa mashariki, waliomwona akicheza, wakakataa kumwombolezea aliye hai, wakaketi safu nzima. Hendrik naye akaketi. Katibu akashika kipaza sauti, akasema suala litapelekwa kwenye kamati.

Kamati imekaa mara tatu. Imefuta neno "marehemu", basi. Majina bado mawili.

Jana asubuhi Ngadimin alikuja na ngazi na mkebe wa rangi. Akayafuta yote mawili, akapanda ngazi, na juu ya jina la Hendrik akaandika moja refu, Ngadimin Sastrowiyono, na tisini na tisa yake. Hakumwomba mtu ruhusa. Mlinzi wa uwanja alimshikia ngazi.