Mate ya Bi Harusi

Siku aliyoripoti shambani, binti alikuwa amevaa ovaroli ya njano aliyogawiwa chuoni, pana kuliko yeye mara mbili, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko na shingo nyembamba imechomoza juu. Wakamuaji walimtazama, wakatazamana, kisha mmoja akasema, "Haya jamani, tumeletewa kifaranga." Likawa ndilo jina lake. Kufikia saa ya chakula hata msimamizi wa shamba, mzee mwenye sauti ya kupasua mawe, alikuwa akiita, "Kifaranga! Lete ndoo!"

Kifaranga alikuwa mwaka wa pili katika chuo cha mifugo. Alikuja kwa mafunzo ya vitendo pamoja na kijana waliyesoma naye darasa moja, aliyeitwa Profesa kwa sababu ya miwani yake na mdomo usiokaukiwa maneno. Shamba lilikuwa la ng'ombe wa maziwa: banda refu la mabati, sakafu ya saruji yenye mifereji ya kupitisha kinyesi, na nyuma yake uwanja uliozungushiwa mabomba ya chuma. Profesa aliingia humo kama anaingia kwao. Kifaranga aliingia kama mtu anayeshuka mtoni asiyejua kuogelea.

Aliogopa ng'ombe, na hakuwa amemwambia mtu. Vitabuni aliwajua mpaka mfupa wa mwisho. Lakini ng'ombe mzima, anayepumua, anayegeuza kichwa ghafla kumfukuza nzi, alimrudisha nyuma hatua mbili. Kila asubuhi, kabla hajaweka kigoda chake chini, alitafuta kwa macho mahali pa kukimbilia. Mama yake akipiga simu kumjulia hali, alijibu, "Naendelea vizuri, mama," huku mgongo umeganda ukutani.

Basi asubuhi moja Bi Harusi akakataa kula. Huyu alikuwa ng'ombe mweupe pe, mpole kuliko wote, ambaye Kifaranga alithubutu kumkamua bila kutetemeka. Leo alisimama shingo kainyoosha, mate yanamtoka kama nyuzi mpaka sakafuni. Alipojaribu kulia, sauti ilitoka ya kukwaruza, kama bawaba yenye kutu.

"Kimemkwama kitu kooni," msimamizi alisema. "Gunzi la mahindi hilo. Nimewaambia mara ngapi mkate malisho vizuri? Nani anasikiliza!" Daktari wa mifugo alikuwa shamba jingine na asingefika kabla ya mchana. "Tukimngoja, huyu atakosa pumzi. Nataka mkono mwembamba."

Macho yote yakaenda pale pale.

"Mimi?" Kifaranga akauliza.

"Wewe, mwanangu. Huu wa kwangu ukiingia humo, utatoka na ulimi."

Profesa alikuwa ameshamkamata Bi Harusi, mkono mmoja kwenye pembe, vidole vya mwingine puani. "Njoo tu," alisema, akicheka. "Wewe umeona wapi bi harusi anauma watu?"

Kifaranga alivaa glavu ndefu, ikamteleza kwa mate, akaivua na kuitupa. Akafumba macho, akaingiza mkono. Ulimi ulimzunguka, mzito, wa moto, ukimsukuma kama mtu anayekataa dawa. Alipapasa nyuma ya ulimi, akapapasa tena. Hapakuwa na gunzi wala jiwe. Magego yakabana, yakamchuna vifundo vya vidole, naye akauchomoa mkono huku akipiga ukelele.

"Hamna kitu, mzee. Koo ni tupu."

Msimamizi alikuna kidevu. Lakini wakamuaji walimpigia makofi, na mmoja akasema kifaranga leo ameota manyoya. Kifaranga alijifuta mkono kwenye ovaroli. Uso ulimwaka kwa furaha. Chai ya saa nne aliinywa akiwa amekaa katikati ya wenzake, hakukaa pembeni kama kawaida yake.

Daktari wa mifugo alifika jua likiwa utosini. Alikuwa mama wa makamo, mwenye mwendo wa haraka na begi lililochakaa. Alipoufikia mlango wa chumba alichofungiwa Bi Harusi, alisimama. Hakuingia. Ng'ombe alikuwa amekiegemeza kichwa ukutani, anakisukuma ukuta kana kwamba anataka kutokea upande wa pili. Miguu ya nyuma ilipepesuka. Kisha akanguruma ile sauti yake ya kutu, akanguruma tena, bila kupumzika.

"Hapa shambani pameingia mbwa?" Daktari aliuliza polepole.

Watu wakatazamana. Msimamizi ndiye aliyejibu, na safari hii sauti yake haikupasua hata udongo. "Aliingia mmoja, zamani kidogo, kabla ya mvua. Mbwa wa kupitapita tu. Nilimkuta amemvamia huyu huyu, nikamtimua kwa fimbo. Kilikuwa kijeraha kidogo mguuni, kikapona."

"Nani amemgusa mdomo?"

Kifaranga aliuinua mkono wake kama mtoto darasani. Vifundo vilikuwa na mikwaruzo myekundu, midogo kiasi kwamba nyumbani mama yake asingepoteza plasta.

Daktari aliutazama ule mkono, halafu akamtazama usoni. "Nenda bombani," alisema. "Sabuni na maji yanayotiririka. Usiache mpaka nikuambie. Kimbia, binti yangu."

Kifaranga alikuwa amesoma kuhusu kichaa cha mbwa. Alijua kwamba mnyama aliyeambukizwa hushindwa kumeza, akaonekana kama aliyekwamwa na kitu. Alikuwa hata ameijibu kwenye mtihani, akapata alama zote. Na alijua sentensi ya mwisho ya somo lile: dalili zikishaanza kwa binadamu, hakuna dawa. Sasa sentensi hiyo ilimpigia kelele kichwani huku akisugua, povu jeupe likimwagika kwenye saruji, na povu lenyewe likamtisha.

Bomba la maji lilikuwa uwanjani, kwenye kona. Hakuwa amesugua sana aliposikia mbao zinapasuka.

"Ametoka! Ametoka!"

Bi Harusi alitokea mlangoni akiyumba, kipande cha mbao kikining'inia pembeni mwake. Wakamuaji walipanda juu ya mabomba ya uzio kama nyani. Kifaranga alitazama kushoto, akatazama kulia. Mahali pa kukimbilia, pale alipozoea kupatafuta kila asubuhi, palikuwa ng'ambo ya ng'ombe.

"Usikimbie!" Daktari alimwita kutoka nje ya uzio. "Tulia hapo hapo. Endelea kuosha!"

Aendelee kuosha! Sabuni ilimponyoka. Akachuchumaa, akaiokota, akaendelea. Bi Harusi alimjia, akasimama umbali wa kitanda kimoja. Macho yale aliyokuwa akiyaona kila asubuhi yalimtazama na hayakumwona. Mate yalimdondoka puu, puu, chini. Kifaranga aliacha kupumua. Moyoni alisema, Mama, nisamehe, sikukwambia kama naogopa.

Ndoo ikagongwa upande wa pili wa uwanja. Alikuwa msimamizi, ameingia ndani ya uzio na uzee wake wote, akigonga ndoo kwa fimbo na kupiga kelele za matusi. Bi Harusi akageuka, akaikimbilia sauti. Mzee aliruka juu ya bomba la uzio kwa namna ambayo siku nyingine ingewachekesha watu wiki nzima. Ng'ombe aligonga chuma kwa kichwa, akaanguka, akajaribu kuinuka, akashindwa. Miguu ilibaki ikipiga makasia hewani. Hakuna aliyecheka.

Daktari alipomruhusu Kifaranga kufunga maji, gari la maziwa lilikuwa limeshawashwa kumpeleka hospitali. Msimamizi alipanda nyuma, maana naye alishika mate ya ng'ombe walipomfungia chumbani, yeye na wakamuaji wawili, nao wakapanda. Kifaranga alikuwa ameshaweka mguu mmoja ndani alipomwona Profesa amesimama kwenye kivuli cha banda, mikono mfukoni.

"Wewe huji?"

"Mimi niende kufanya nini? Sikuingiza mkono mdomoni."

"Ulimshika pua."

"Pua si mdomo. Acha kutia watu hofu, Kifaranga."

Alitabasamu, lakini midomo yake ilikuwa mikavu. Ndipo Kifaranga akakumbuka kitambaa. Jana yake Profesa alijikata kidole kwa panga la kukatia malisho, akakifunga kwa kitambaa, akatamba kwamba kidonda cha mwanaume hakihitaji dawa.

"Toa mkono mfukoni."

"Nini?"

"Toa mkono, nione."

Hakutoa. Kifaranga, ambaye tangu afike shambani hakuwahi kubishana na mtu, alishuka garini, akamfuata kivulini, akamshika kifundo cha mkono na kuuvuta nje. Kitambaa kilikuwa kimelowa kikakauka, kikawa kigumu kama gamba.

"Hayo ni maji tu," Profesa alisema.

"Panda gari."

"Nimesema siendi!"

"Basi na mimi siendi. Tutakaa hapa wote wawili, tusubiri." Sauti yake ilikatika katikati, machozi yakamtoka, lakini hakumwachia. "Mimi ni mwoga, unasikia? Naogopa ng'ombe, naogopa na hili, naogopa kila kitu. Na wewe unaogopa vilevile, ila unaona aibu."

Daktari aliwasogelea. "Kijana wangu," alisema, "kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Panda."

Profesa alipanda. Njia nzima hakusema neno, mtu yule ambaye hata usingizini huongea. Walipokuwa wanaukaribia mji alimnong'oneza Kifaranga, akitazama nje, "Nilifikiri nikienda, nitakuwa nimekubali kwamba ni kweli."

Zahanati ya kwanza haikuwa na chanjo. Muuguzi wa pale alifungua jokofu, akalifunga, akatikisa kichwa, akawaelekeza hospitali kubwa. Kifaranga alilitazama jokofu lile tupu na kuhisi kama ametazama ndani ya kaburi. Hospitali kubwa walikaa kwenye benchi refu miongoni mwa kina mama na watoto wenye mafua, ovaroli zao zikinuka zizi, na mlango wa chumba cha sindano ukifunguliwa na kufungwa. Hatimaye wakaitwa. Walichomwa kwenye mabega, na wale wenye vidonda wakachomwa pia kuzunguka vidonda vyenyewe, jambo lililomfanya Profesa aing'ate kola ya shati lake.

"Mmewahi," muuguzi aliwaambia. "Msikose kurudi kwa sindano zilizobaki. Mkikosa, msije mkanilaumu."

Usiku ule Kifaranga alimpigia mama yake na kumweleza yote. Mama hakupiga kelele. Aliuliza, "Ulikuwa unaogopa ng'ombe tangu lini, mwanangu?" Kifaranga akajibu, "Tangu zamani." "Na mimi nilikuwa namwambia kila mtu una roho ya chuma," mama akasema, na hapo ndipo wote wawili walipolia.

Hofu haikuisha kwa sindano. Matokeo ya maabara yalirudi: Bi Harusi, aliyekufa siku ile ile, alikuwa na kichaa cha mbwa. Tangu hapo kila glasi ya maji ilikuwa mtihani. Kifaranga aliishika kwa mikono miwili, akameza funda moja, akasikiliza koo lake, akameza jingine. Asubuhi moja aliamka koo linamuwasha, akakaa kitandani akijaribu kumeza mate mpaka Profesa, naye macho mekundu kwa kutolala, alipomgongea mlango kumwambia, "Hata mimi linaniwasha. Ni vumbi la pumba. Njoo tunywe maji wote." Wakanywa, bilauri kwa bilauri, wakitazamana kama watu wanaoapishwa.

Chuo kilimpa Kifaranga ruhusa ya kumalizia mafunzo mahali pengine. Alikaa na barua ile siku nzima, kisha akaamua kubaki, si kwa ushujaa. Kule kwingine pia kungekuwa na ng'ombe, na kule hakuna ambaye angejua kwamba anaogopa. Hapa walishajua. Msimamizi aliacha kumfokea. Sasa, akitaka mtu wa kumkagua mnyama mwenye dalili yoyote, alisema, "Kwanza Kifaranga atazame kwa mbali. Akisema tusisogee, hatusogei."

Ng'ombe wote waliobaki walichanjwa. Bi Harusi alikuwa ameacha ndama jike, mweupe kama yeye, na kwa kuwa hakuna aliyejua kama yule mbwa alimgusa, Daktari aliagiza atengwe kwenye kibanda cha peke yake, achungwe kwa miezi. Kifaranga ndiye aliyeomba kazi hiyo. Kila asubuhi aliteremsha ndoo ya maziwa kwa ndoano ndefu kupitia juu ya ukuta, akasimama huku nyuma, glavu mbili mbili mikononi, akisubiri kusikia. Alikuwa akiogopa sauti ile ya kutu.

Ndama alitumbukiza pua kwenye ndoo, akavuta maziwa kwa pupa mpaka yakamwingia puani, akapiga chafya. Kisha akainua kichwa na kulia, mooo, sauti nyembamba, safi, ya mtoto anayedai nyongeza.

"Subiri," Kifaranga alimwambia, na hakusogea karibu. "Subiri, nakuletea."