Bi Wembe na Seli Zilizochelewa

Pale maabara walimwita Bi Wembe, kwa kuwa hakuna aliyejua kukata ubongo wa panya kipande chembamba kama yeye. Alikuwa fundi tu, hana cheti cha kutundika ukutani, ila miaka kumi na tisa mkono wake haukuwahi kutetemeka.

Mwaka ule walitafuta jambo moja: ubongo hujuaje kama siku ni ndefu au fupi? Panya wa chumba cha kwanza waliwashiwa taa kwa muda wa saa kumi na sita kila siku, wa chumba cha pili kwa muda wa saa nane. Kisha Bi Wembe alikikata kile kiini kidogo kuliko punje ya mtama, kilicho juu ya makutano ya mishipa ya macho, ambacho ndicho saa ya mwili. Kina maelfu ya seli, na chini ya kamera kila seli iling'aa ilipofika kilele cha mzunguko wake wa siku.

Seli za panya wa siku fupi ziling'aa karibu kwa pamoja. Za siku ndefu kila moja na lake: hii mapema, ile saa kadhaa baadaye.

Profesa, mkuu wa maabara, aliziangalia akaguna. "Umekata vibaya. Saa gani hiyo, kila mshale kivyake? Toa zilizochelewa, niletee zinazokubaliana."

"Sikukata vibaya. Huko kutawanyika ndiko kunakoueleza mwili kuwa siku ni ndefu."

"Mama, asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Guu lenyewe langu, Profesa."

Akaambiwa arekebishe kabla ya kikao cha Ijumaa, ama wembe apewe mwingine.

Nyumbani mumewe, mshona nguo, alimsihi. "Mke wangu, toa hizo seli yaishe. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," akasema, akaendelea kula.

Ijumaa aliingia kikaoni na picha kumi na mbili, namba za vyumba zimefichwa nyuma. Akamsukumia Profesa. "Zichanganye mwenyewe. Nitakwambia kila panya aliishi chumba gani, kwa kutazama seli zilivyotawanyika tu."

Watu wakaacha chai. Profesa akazichanganya kama karata, akaweka moja moja mezani.

"Siku ndefu," alisema Bi Wembe. "Ndefu. Fupi. Ndefu."

Zilipogeuzwa, alikuwa amepata kumi na moja.

Profesa akaidaka ile iliyobaki. "Na huyu?"

"Huyo bado sijamwelewa. Lakini simtoi."

Mtu akacheka, akajifanya anakohoa. Profesa alizipanga picha taratibu, akazitia kwenye faili, akahamia ajenda nyingine.

Ripoti ilitoka na seli zote ndani, na jina la fundi mwisho kabisa, kwa herufi ndogo. Profesa hakumsalimia hadi mwaka ukaisha. Bi Wembe alimwamkia kila asubuhi, kwa sauti ya kusikika korido nzima, kisha akaenda kukata.