Mukuka Akataa Kushusha Mkono

Saa tisa na robo mchana kengele ya chumba cha ishara iligonga mara mbili, na Mukuka akajua treni ya wafanyakazi imetoka kwa Mwansa. Reli ilikuwa moja tu, kwenda na kurudi. Mwansa, mwenzake wa stesheni ya kusini, hakuwa mtu wa kuchezea kengele: mapigo mawili, treni iko njiani, mapigo sita, nimeirudisha. Basi Mukuka akauacha mkono wa chuma umenyooka juu ya nguzo yake. Mkono ukinyooka, gari linasimama, hata liwe la nani.

Lakini pale pale stesheni kwake, Élisabethville, lilikuwa linangoja gari la wakubwa, mabehewa mawili yaliyong'arishwa, na wageni ndani wameshaanza kutazama saa. Chef, yaani mkuu wa stesheni, Mzungu, akapanda ngazi akihema, uso mwekundu kama pilipili.

«Mukuka! Shusha mukono, bakubwa bapite.»

«Treni ya bantu ba kazi iko mu njia, chef.»

«Nimepiga simu. Banaisha kuizuia kule.»

«Mwansa hayapiga bado mara sita.»

Hebu fikiria! Mtu mzima, kofia ya nyuzi za dhahabu, anaamini simu kuliko kengele! Simu unaongea na karani anayekunywa kahawa ofisini. Kengele inapigwa na mtu anayeiona reli kwa macho yake. Mukuka alijua pia kwamba akikataa, kazi imekwenda, na nyumba ya kambini anamolala na mke wake Adolphine na watoto nayo imekwenda. Aliogopa, tusidanganyane. Ila treni ile ilijaa wafanyakazi, na wake zao, na watoto wao.

Akaushika wenzo unaoshusha mkono, akaukumbatia kwa mikono miwili.

«Miye nakatala.»

Chef akampiga kofi, akamwongezea la pili. Damu ya pua ikamtiririkia Mukuka kwenye kola, naye hakuachia. Chef alikuwa anambandua vidole, kimoja kimoja, filimbi ilipolia kwenye kona. Treni ya wafanyakazi ikapita chini ya dirisha, imefurika, wanawake wakipunga vitambaa. Ndipo Mukuka akauachia wenzo.

Unadhani chef alisema asante? Thubutu! Alivuta daftari la treni mezani.

«Andika: chef ndiye alizuia gari. Utabakia na kazi yako.»

Mukuka akaandika polepole, kwa Kifaransa alichofundishwa misheni: chef aliamuru gari lipite, mimi Mukuka nilikataa. Akaweka saa, akatia sahihi. Chef akasoma, akaurarua ukurasa, akausokomeza mfukoni.

Mukuka akapangusa pua, akafungua ukurasa uliofuata, akaandika yale yale, neno kwa neno.

«Pasula tena, chef,» akasema. «Hii kitabu iko na makaratasi mingi, na miye siyachoka.»